Draiva Nyingi, Adapta Moja: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Wi-Fi kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Jana Wi-Fi ilikuwa nzima. Leo umewasha kompyuta, alama ya mtandao pembeni mwa skrini imegeuka tufe, na ukiibofya huoni hata jina moja la mtandao, ilhali simu iliyo mkononi mwako inapiga kazi kama kawaida. Au basi inaunganika, inakaa dakika tano, inakatika, inarudi yenyewe, inakatika tena. Wa kwanza kumuuliza atakuambia, "Pakua draiva mpya." Ushauri huo umewaponza wengi, kwa sababu mara nyingi kompyuta ya namna hii haijapungukiwa na draiva. Inazo nyingi mno, na kila utakayoongeza inakuja kugombea nafasi ileile.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kuondoa, na kuweka kunakuja baadaye. Nimeegemea Windows 10 na 11 kwa kuwa ndizo zilizo nyumbani kwa wengi, na Linux ina sehemu yake karibu na mwisho. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza ili usipotee.

Ugomvi wenyewe ni upi

Draiva, ambayo wengine huiita kiendeshi, ni programu inayoujulisha mfumo wa kompyuta namna ya kuzungumza na chipu ya Wi-Fi. Adapta, yaani kifaa kinachobeba chipu hiyo, huendeshwa na draiva moja kwa wakati mmoja. Lakini Windows ina ghala la draiva, folda iitwayo DriverStore ndani ya System32, na humo draiva za zamani hubaki hata baada ya mpya kuingia. Kila adapta inapogunduliwa upya, Windows hurudi ghalani na kuchagua. Ikichagua vibaya, shida inaanza.

Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni adapta mbili kwenye mashine moja, ile ya ndani na ya USB uliyonunua baadaye. Ya tatu ni programu ya mtengenezaji iliyokuja na adapta, ambayo inataka kusimamia Wi-Fi wakati Windows nayo inaisimamia. Ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi: VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwenye njia ya faragha), programu za kuzuia virusi na zile za mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) hupachika vichujio vyao, yaani vipande vya programu ambamo data ya mtandao hupita, juu ya adapta, na kichujio kibovu kinaweza kuiangusha draiva isiyo na kosa lolote.

Kabla ya kugusa draiva

Yahakiki haya upesi. Hali ya ndege imezimwa? Laptopu nyingine zina swichi ya Wi-Fi ubavuni au kitufe kwenye safu ya F. Vifaa vingine vinaupata mtandao huo? Ikiwa navyo havipati, acha kompyuta, nenda kwenye ruta.

Kama adapta yako ni ya USB na tatizo ni kasi ndogo au kukatika kwenye mtandao wa GHz 2.4, ichomeke kwenye tundu lililo mbali na diski ya nje. Intel ilieleza katika waraka wa mwaka 2012 kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa hayohayo. Waya mfupi wa kurefusha USB unaweza kumaliza jambo ambalo draiva kumi zisingelimaliza.

Kisha zima kompyuta kabisa. Nasema kabisa, kwa sababu kwenye Windows yenye Fast Startup, kubofya Shut down hakuzimi kila kitu: kiini cha mfumo pamoja na hali ya draiva huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile unapowasha, hitilafu ikiwemo. Niliwahi kuwa na mashine iliyokosa Wi-Fi kila asubuhi na kupona kila nilipobofya Restart. Nilibadilisha draiva tatu kabla ya kutambua kwamba Restart ndiyo pekee iliyokuwa inaanza upya kweli. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, uandike:

`shutdown /s /t 0`

Ikishazima, chomoa waya wa umeme, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde thelathini hivi, kisha rudisha kila kitu uwashe. Chipu iliyoganda huachia hapo. Ikiwa hilo limeiponya na tatizo linarudi kila asubuhi, zima Fast Startup moja kwa moja kwa amri `powercfg /h off`. Utapoteza pia uwezo wa kulaza mashine kwa Hibernate.

Soma namba ya hitilafu

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, fungua Network adapters. Tafuta jina lenye neno Wireless, Wi-Fi au 802.11. Kama halipo, fungua menyu ya View ubofye Show hidden devices, na uangalie pia Other devices, ambako vifaa visivyo na draiva hukaa kwa jina la Network Controller.

Bofya jina hilo mara mbili na usome kisanduku cha Device status. Watu huruka hapa, nami sielewi kwa nini, maana ndipo mashine inapokueleza inaumwa wapi.

Kodi 22 inamaanisha adapta imezimwa tu. Bofya Enable, umemaliza. Kodi 28: hakuna draiva. Kodi 10: draiva ipo lakini kifaa kimekataa kuanza, na hapa draiva isiyoendana na chipu ni mshukiwa wa kwanza. Kodi 39: faili ya draiva imeharibika au haipo. Kodi 52: Windows haiwezi kuthibitisha sahihi ya kidijitali ya draiva, jambo linalotokea ukisakinisha kitu ulichookota mahali pasipoeleweka. Kodi 45: kifaa hakijaunganishwa, nawe unatazama kivuli cha adapta iliyowahi kuwepo. Kodi 43: kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu na Windows ikakisimamisha. Hii huweza kuwa draiva, huweza kuwa chipu inayokufa. Kodi 56 iweke kando, ina sehemu yake hapa chini, kwa kuwa hiyo haiponi kwa kubadilisha draiva.

Na kama inasema kifaa kinafanya kazi vizuri huku wewe huna mtandao? Andika:

`sc query wlansvc`

Hiyo ndiyo huduma ya WLAN AutoConfig. Isiposema RUNNING, iwashe kwa `net start wlansvc`. Baadhi ya programu za watengenezaji wa adapta za zamani ziliizima huduma hii ili zitawale zenyewe, na ukiziondoa haziirudishi. Ikiwa hiyo nayo ni nzima na Wi-Fi inakatika tu kila mara, toa ripoti:

`netsh wlan show wlanreport`

Utapata ukurasa wenye historia ya siku tatu za Wi-Fi yako: lini iliunganika, lini ilikatika, na sababu iliyoandikwa. Tazama kama kila kukatika kunafuatana na adapta kuanzishwa upya. Katika Event Viewer, daftari la matukio la Windows, chini ya System, tukio namba 10400 kutoka NDIS, sehemu ya Windows inayoshughulika na draiva za mtandao, husema adapta ilijianzisha upya, na 10317 husema draiva imegundua hitilafu ya ndani. Ukiyaona hayo, hoja ya draiva imepata ushahidi. Ukiona badala yake nenosiri lilikataliwa au ruta haikujibu, basi ungepoteza usiku wako bure.

Jua chipu, usiamini boksi

Jina lililochapwa kwenye boksi la adapta ni la muuzaji. Chipu iliyo ndani ni ya mtu mwingine, na kampuni hiyohiyo inaweza kuuza modeli ileile ikiwa na chipu tofauti katika toleo la pili au la tatu. Mimi niliwahi kuhangaika usiku kucha na draiva iliyoandikwa jina sahihi la modeli, kumbe ya toleo la kwanza, na kifaa changu kilikuwa na "V2" kwa herufi ndogo mno nyuma yake.

Katika Properties ya adapta, nenda Details, kisha kwenye orodha chagua Hardware Ids. Utaona mstari mrefu. Kwa kadi ya ndani huanza na PCI, ikifuatiwa na VEN na tarakimu nne, kisha DEV na nyingine nne. VEN ni mtengenezaji wa chipu: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 168C ni Qualcomm Atheros, 14E4 ni Broadcom, 14C3 ni MediaTek. Kwa adapta ya USB utaona VID na PID, ambapo 0BDA ni Realtek na 148F ni Ralink. DEV au PID ndiyo inayotaja chipu yenyewe. Nakili mstari wote kwenye karatasi au upige picha kwa simu. Kuanzia sasa unatafuta draiva ya namba hiyo.

Kuna mtego mmoja wa adapta ndogo za USB. Nyingine hujitambulisha kwanza kama diski yenye faili za kusakinisha, na hubadilika kuwa adapta ya Wi-Fi baada ya draiva kuingia tu. Ukichomeka na kompyuta ikaonyesha diski ndogo badala ya mtandao, adapta haijafa, bado haijavua joho.

Jiandae kabla ya kufuta

Unakaribia kuiondolea kompyuta Wi-Fi, na draiva utakayohitaji iko kwenye intaneti. Ipakue sasa. Anza na ukurasa wa msaada wa mtengenezaji wa laptopu yako kwa modeli yako kamili, kisha wa mtengenezaji wa chipu. Zile programu zinazojigamba kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziache. Nusu ya mashine zenye vurugu nilizowahi kufungua zilikuwa nayo mojawapo. Kama huna njia nyingine ya mtandao, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe USB tethering. Windows itaiona kama adapta ya waya na utapata intaneti.

Weka nakala ya draiva zote zilizopo sasa, hata mbovu, ili uwe na pa kurudi:

`mkdir C:\draiva`

`pnputil /export-driver * C:\draiva`

Tengeneza pia kituo cha kurejesha mfumo (restore point), na hakikisha unayajua manenosiri ya Wi-Fi yako.

Futa, tena futa kweli

Watu wengi hubofya Uninstall device, wanawasha upya, tatizo linarudi, wanahitimisha kuwa draiva haikuwa kosa. Kilichotokea ni kwamba waliondoa kifaa kwenye orodha, draiva ikabaki ghalani, Windows ikairudisha ileile.

Kwanza tazama nani wanagombea. Katika Device Manager bofya adapta kwa kitufe cha kulia, Update driver, Browse my computer, kisha Let me pick from a list. Kisanduku cha Show compatible hardware kiwe na alama ya vyema. Orodha inayotokea ni ya draiva zote zilizo ghalani zinazodai kuiweza adapta hii. Ukiona moja, ugomvi wako hauko hapa. Ruka hadi kwenye vichujio. Ukiona tatu au nne, umewakuta. Na kabla ya kufuta chochote, chagua toleo la zamani kidogo hapohapo ubofye Next. Mara nyingine inatosha, na kazi inaishia hapo.

Isipotosha, ingia ghalani. Chomoa simu kwanza na zima sasisho za Windows kwa muda, la sivyo mfumo utakuletea draiva nyingine ukiwa katikati ya kazi. Katika dirisha la amri la msimamizi:

`pnputil /enum-drivers > C:\draiva\orodha.txt`

Fungua faili hiyo. Kila draiva iliyoongezwa juu ya zile za Windows ina jina la kupewa na Windows kama oem27.inf na jina lake la asili chini yake. Tafuta zenye Class Name ya Network adapters na Provider anayelingana na chipu yako. Uwe mwangalifu hapa: adapta ya waya ya Realtek na ya Wi-Fi ya Realtek zote zitakuwemo, na Bluetooth iko kwenye kundi jingine. Jina la asili husaidia. Faili za Wi-Fi za Intel kwa kawaida huanza na netwtw, na za Realtek huwa na rtwlan ndani yake. Kisha kwa kila moja ya Wi-Fi:

`pnputil /delete-driver oem27.inf /uninstall /force`

Badilisha 27 kwa namba yako, usinakili yangu. Ukimaliza, rudi Device Manager, washa Show hidden devices, na uondoe pia vivuli vyote vya adapta za zamani za Wi-Fi, zile zilizofifia rangi. Majina ya WAN Miniport yaache yalivyo, ni ya Windows yenyewe.

Kama huipendi kazi ya amri, njia ya kipanya ipo: Uninstall device, weka alama kwenye kisanduku cha kuondoa draiva, kisha Action, Scan for hardware changes. Draiva iliyokuwa chini yake itapanda. Ifute nayo. Rudia mpaka kisanduku kisionekane tena. Matokeo ni yaleyale, ila unafuta bila kuona orodha.

Sasa washa upya na utazame kabla ya kusakinisha chochote. Pengine Wi-Fi itafanya kazi kwa draiva iliyokuja na Windows, ambayo pnputil haiigusi. Ikikaa siku mbili bila kukatika, iache hapo. Kama haifanyi kazi au inakosa kasi ya chipu yako, sakinisha ile moja uliyoipakua. Moja. Na kama kifurushi kinakupa nafasi ya kusakinisha draiva peke yake bila programu ya usimamizi, chagua hivyo.

Kwa nini Windows hurudisha ile mbaya

Watu hudhani Windows huchagua draiva mpya zaidi. Si hivyo. Inaipa kila draiva daraja kwa kuangalia kwanza sahihi ya kidijitali, kisha jinsi namba ya kifaa inavyolingana na iliyoandikwa ndani ya draiva. Tarehe huangaliwa pale tu madaraja yanapolingana, na namba ya toleo baada ya tarehe. Ndiyo maana draiva ya jumla iliyo mpya inaweza kushindwa na ya mwaka juzi iliyoandikiwa laptopu yako hasa, na ndiyo maana ukishusha toleo kwa makusudi, sasisho linalofuata linaweza kulipandisha tena bila kukuuliza.

Hapohapo kuna kioja. Draiva nyingi za Microsoft zenyewe zina tarehe 21 Juni 2006, hata ziwe zimeandikwa upya mwaka huu. Si uzembe. Tarehe hiyo ya nyuma imewekwa ili draiva ya mtengenezaji ishinde zikifungana kwa daraja. Kwa hiyo ukiona 2006 usishtuke ukaanza kupakua. Soma namba ya toleo.

Ukishapata draiva inayokufaa, izuie Windows Update isilete nyingine:

`reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v ExcludeWUDriversInQualityUpdate /t REG_DWORD /d 1 /f`

Hii inazuia draiva zote kutoka Windows Update, za kadi ya picha na printa zikiwemo, kwa hiyo hizo utazisasisha kwa mkono. Ukitaka kufuta zuio, tumia `reg delete` kwa njia hiyohiyo na jina hilohilo. Kisha rudisha sasisho ulizozisimamisha. Za usalama zinahitajika.

Vichujio: VPN na wenzake

Kodi 56 inasema Windows bado inapanga mpangilio wa kundi la kifaa hiki. Itaendelea kusema hivyo milele, kwa sababu kuna kichujio cha mtandao kilichokwama. Kwa kawaida ni VPN iliyosakinishwa vibaya, iliyoondolewa nusunusu, au iliyobaki baada ya Windows kupandishwa toleo.

Bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, bofya Wi-Fi kwa kitufe cha kulia, Properties. Orodha inayoonekana ndiyo safu ya vitu vilivyopanda juu ya adapta yako. Client for Microsoft Networks, File and Printer Sharing, QoS, TCP/IP ya 4 na ya 6 na zile zenye jina la Link-Layer ni za Windows. Chochote chenye jina la VPN, la kingavirusi, Npcap au VirtualBox ni mgeni. Ondoa alama ya mgeni mmoja, bofya OK, jaribu. Ukimpata mwenye kosa, mwondoe kupitia orodha ya programu, maana kuondoa alama pekee ni kumfungia chumbani, hajatoka nyumbani.

Mgeni ambaye programu yake ilishaondoka lakini jina limebaki, mtafute kwa `netcfg -s n`, kisha `netcfg -u` ikifuatiwa na kitambulisho chake. Silaha ya mwisho ni `netcfg -d`, au kwa kipanya Network reset iliyo kwenye mipangilio ya mtandao. Zote zinafagia sana: tegemea kusakinisha VPN upya na kuandika nenosiri la Wi-Fi tena. Wengi huanza na hii kwa kuwa ni kitufe kimoja. Mimi huiweka mwisho, kwa sababu ikiponya hutajua kilichokuwa kinaumwa, na kikirudi utaanza sifuri.

Adapta mbili

Hapa ni kuamua tu. Kama umenunua ya USB kwa sababu ya ndani ni dhaifu, nenda Device Manager, bofya ya ndani kwa kitufe cha kulia, Disable device. Usiifute, maana ukiifuta itagunduliwa upya ukiwasha. Angalia kitu kimoja: kadi nyingi za ndani hubeba Wi-Fi na Bluetooth pamoja, lakini ni vifaa viwili kwenye orodha, hivyo kuzima Wi-Fi hakukunyimi spika zako.

Ukiwa hapo, fungua Power Management ya adapta unayoitumia na uondoe alama inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Kukatika baada ya mashine kulala mara nyingi huishia hapo. Kama ukurasa huo haupo kwenye mashine yako, usiutafute. Laptopu nyingi mpya hazinao.

Kwenye Linux

Linux haikufichi kitu, na hilo ni raha kwa kazi hii:

`lspci -nnk | grep -iA3 net`

Kwa USB tumia `lsusb`. Kwenye matokeo ya lspci, mstari wa Kernel driver in use unataja moduli (ndivyo draiva inavyoitwa kwenye Linux) inayoendesha chipu sasa, na Kernel modules unataja zote zinazodai kuiweza. Ukikuta mstari wa kwanza haupo, na wa pili una moduli tatu, umeshajua hadithi. Mfano mashuhuri ni Broadcom, ambapo b43, brcmsmac na wl huweza kudai chipu ileile. Kabla ya yote andika `rfkill list`. Ikisema Soft blocked: yes, `sudo rfkill unblock all` inamaliza. Hard blocked ni swichi ya mkononi.

Ugomvi wa siku hizi zaidi ni wa adapta za USB za Realtek. Kwa miaka mingi watumiaji walilazimika kujenga moduli ya nje kwa DKMS, zana inayoijenga upya kila kerneli, yaani kiini cha Linux, inapobadilika. Kisha kerneli 6.2, iliyotoka Februari 2023, ikaongeza uwezo wa USB kwenye rtw88, draiva ya Realtek iliyo ndani ya kerneli yenyewe, na chipu kadhaa zikawa na draiva mbili ghafla. Tazama `dkms status`. Kama kerneli yako sasa inaijua chipu yako, ondoa ya nje kwa `sudo dkms remove` ikifuatiwa na jina/toleo na `--all`, uwashe upya. Kama ya nje ndiyo bora kwako, zuia ya kerneli:

`echo "blacklist rtw88_8822bu" | sudo tee /etc/modprobe.d/wifi.conf`

`sudo update-initramfs -u`

Jina la moduli liwe lako, na kwenye Fedora amri ya pili ni `sudo dracut -f`. Kama moduli ya nje inakataa kupanda ingawa imejengwa bila kosa, angalia `mokutil --sb-state`: Secure Boot, ulinzi unaokagua sahihi wakati kompyuta inawaka, ikiwa imewashwa, moduli isiyotiwa sahihi haipokelewi. Na hakikisha msimamizi wa mtandao ni mmoja. NetworkManager na systemd-networkd zikiishika Wi-Fi pamoja, kila moja itakuwa inaivuruga kazi ya mwenzake.

Kujua kama chipu imekufa

Linux inafaa hata kwa asiyeitumia. Iandike kwenye flashi, washa kompyuta kutoka hapo bila kusakinisha, na uandike lspci au lsusb. Chipu ikionekana na kuunganika, basi vifaa ni vizima na kosa liko ndani ya Windows yako. Rudi kwenye vichujio, na ikishindikana kabisa sakinisha Windows upya. Ikionekana bila kuunganika, tazama `sudo dmesg | grep -i firmware`, huenda flashi haina faili ya chipu hiyo tu. Isipoonekana kabisa katika mifumo yote miwili, hakuna draiva duniani itakayoileta. Fungua kifuniko kama unaweza, ikandamize kadi vizuri kwenye nafasi yake.

Kama kadi uliibadilisha mwenyewe, angalia aina yake kabla ya kulaumu programu. Intel AX200 hutumia njia ya kawaida ya PCIe na hukubali mashine nyingi, ilhali AX201, inayofanana nayo kwa umbo, hutegemea sehemu iliyo ndani ya chipseti (chipu kuu za ubao wa kompyuta) za Intel zenyewe. Ukiichomeka AX201 kwenye mashine isiyo na sehemu hiyo, itakaa kimya na Device Manager haitaonyesha hata alama ya njano. Hapo unairudisha dukani, au unanunua adapta ya USB ambayo namba ya chipu yake umeshaijua kabla ya kulipa.